Prednisoloni na Wapambe Wake

Siku ya pili ya Idi nilikuwa barazani kwa mama, Tanga, na kimkoba cha mdogo wangu mapajani. Alikuwa amenituma nimtolee kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa chini kabisa, ikanibidi nitoe vyote vilivyoikalia, na nikajikuta navipanga kimoja kimoja kwenye mkeka kama muuza dawa wa gulioni. Bahasha ya khaki iliyoandikwa kwa kalamu ya buluu: prednisoloni 5 mg, 12 x 1. Omeprazoli, ya kulinda tumbo lisichubuliwe na hiyo ya kwanza. Kalsiamu yenye vitamini D, ya kulinda mifupa isiliwe na hiyo ya kwanza. Metformini, kwa sababu sukari ilipanda mwezi wa tatu. Amlodipini, kwa sababu presha ilifuata mwezi wa nne. Kichupa cha nistatini, cha utando mweupe uliomwota ulimini. Na chupa ya soda iliyojaa maji ya kijani, majani ya mpapai yaliyotwangwa na kuchujwa, kazi ya shangazi.

Saba.

Miezi mitano nyuma, kwenye mkeka huohuo, familia ilikaa kikao ikakataa dawa ya pili. Daktari alikuwa ameshauri kwamba pamoja na prednisoloni aanzishiwe nyingine mapema, ili ile ya kwanza iondoke haraka. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akavuta kanga yake begani, akatoa hukumu: "Mshika mbili moja humponyoka. Mtoto atumie dawa moja. Ikishindwa, ndiyo tuongeze." Mimi, ninayehesabiwa msomi wa ukoo, nilitikisa kichwa kukubali. Nilisema hata neno la kitaalamu kidogo, kwamba ni vizuri kujua ipi inafanya kazi. Makala hii naiandika dhidi ya kikao kile, na dhidi ya kichwa kile kilichotikisika.

Rai hiyo haikuzaliwa kwetu. Keti nusu saa kwenye benchi la kusubiri, hospitali yoyote, utaisikia ikipita kwa sura tofauti. Dawa nyingi ni dalili kwamba mgonjwa amekwisha. Daktari anayetoa mbili kwa mpigo anabahatisha. Zitagongana tumboni. Na baadhi ya matabibu nao wana toleo lao lenye heshima zaidi, la ngazi: panda kidato kimoja, subiri kivunjike, ndipo ukanyage kinachofuata. Yote haya yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba prednisoloni peke yake ndiyo njia ya upole, na kila kinachoongezwa ni ukali. Dhana hiyo ndiyo mbovu.

Ugonjwa wenyewe hauna jina la Kiswahili lililokaa vinywani. Vitabuni utakuta "upungufu wa chembe sahani unaotokana na kinga ya mwili". Nyumbani tulisema tu "pleteleti zimeshuka". Chembe sahani ni vipande vidogo ndani ya damu vinavyokimbilia pale mshipa ulipochanika na kupaziba. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Mashine hukata sifuri tatu na kuandika 150 hadi 450. Zikishuka chini ya 100 pasipo sababu nyingine, ndipo ugonjwa huu huanza kutajwa. Mdogo wangu alikuwa na 9.

Yeye ni fundi cherehani. Aliona michubuko mapajani, pale anapoegemeza ubao wa kukatia, akadhani ni kazi. Kisha vikaja vidoadoa miguuni, visivyowasha wala kuuma, ambavyo ukivibonyeza havififii. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu vidoadoa hivi hujificha sana. Aliyevigundua ni muuguzi mmoja aliyemwambia afungue mdomo, akamulika kaakaa kwa tochi ya simu. Huko juu palikuwa kama pamerashiwa wino mwekundu.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kinga ya mwili inazidhania chembe sahani kuwa adui, inazibandika kingamwili. Mkazi wa Dar es Salaam ataelewa haraka nikisema ni zile X nyekundu zinazochorwa kwenye kuta za nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Chembe iliyokwisha kupigwa X ikipita kwenye bandama, hukuta tingatinga linasubiri.

Kwamba X hiyo imo ndani ya damu yenyewe, tulijua kwa kitendo ambacho leo kamati yoyote ya maadili ingekizuia. Mwaka 1950, katika hospitali ya Barnes mjini St. Louis, Marekani, daktari kijana William Harrington alijitilia mwilini mwake takriban nusu lita ya damu ya mgonjwa wa maradhi haya. Mwenzake James Hollingsworth alikuwa pamoja naye katika jambo hilo. Ndani ya saa chache chembe sahani za Harrington zilikuwa karibu zimetoweka. Alipata degedege. Vidoadoa vilimtoka. Siku kadhaa baadaye zikarudi zenyewe, na mwaka 1951 matokeo yakachapishwa. Nimewahi kumsimulia mdogo wangu kisa hiki nikidhani nitamfariji. Akaniuliza kama yule mgonjwa aliyetolewa damu naye alipona. Sikuwa na jibu, na nikaona aibu kwamba swali hilo halikuwahi kunijia.

Ujasiri wa Harrington ulithibitisha ubomoaji, na kwa miaka mingi ubomoaji ndio pekee uliotazamwa. Bandama ilikuwa ikitolewa tangu 1916, mwanafunzi wa udaktari Paul Kaznelson alipomshawishi profesa wake huko Praha aitoe, na chembe zikapanda. Steroidi, ukoo wa prednisoloni, zikaja miaka ya 1950. Mwaka 1981 Paul Imbach wa Bern, Uswisi, akaonyesha kwamba kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya wachangiaji wengi, zikitiwa mshipani, huliweka tingatinga shughuli nyingine kwa muda. Zote hizi ni njia za kusimamisha bomoabomoa.

Ila kuna upande wa pili. Kiwanda cha chembe sahani ni uboho wa mifupa, na ilidhaniwa kwamba kiwanda hicho kinajituma kwa nguvu zote, kinashindwa tu na kasi ya kubomolewa. Vipimo vya baadaye vilionyesha sivyo. Kwa wagonjwa wengi uboho hauzalishi kama unavyopaswa kwa mtu aliyefilisika hivyo. Kingamwili zilezile hushambulia hata seli mama zinazozaa chembe sahani, yaani fundi anapigwa X angali amesimama juu ya jukwaa la kujengea. Na homoni inayomhimiza fundi, thrombopoietini, ambayo ungetarajia ipande juu sana, kwa wagonjwa hawa hukaa karibu na kawaida. Kuanzia 2008 zilipatikana dawa za kumhimiza huyo fundi moja kwa moja, romiplostimu ya sindano na eltrombopagi ya kidonge.

Hapo ndipo hoja ya shangazi inapoanza kuyumba. Mshika mbili anayezungumziwa na methali ana lengo moja na mikono miwili isiyotosha. Mgonjwa huyu ana matatizo mawili, ubomoaji uliozidi na ujenzi uliozorota, na tena ubomoaji wenyewe una wakubwa zaidi ya mmoja: zipo seli zinazotengeneza kingamwili, zipo zinazozichochea, ipo bandama. Dawa moja kushika yote hayo ingekuwa bahati. (Ningeweza kumjibu shangazi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, lakini methali ni mawakili wa kukodi, leo wako kwako, kesho kwa jirani.)

Turudi kwenye mkeka. Nilipoiona ile safu ya dawa saba nilielewa kwamba hatukuwahi kuchagua dawa moja. Tulichagua dawa moja ije na wapambe wake. Prednisoloni ni kama bibi harusi wa Kipwani: haingii ukumbini peke yake. Kwa dozi ya miligramu moja kwa kila kilo ya uzito, mtu wa kilo 60 humeza vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi. Wiki ya kwanza anafurahi, chembe zinapanda, damu ya fizi inakata. Halafu hapati usingizi. Anakula usiku wa manane. Uso unajaa duara. Mdogo wangu alikuwa akipita sokoni anapongezwa, "Umenawiri dada, ndoa imekukubali", naye anatabasamu huku vifundo vya miguu vimevimba na misuli ya mapaja imeisha nguvu kiasi kwamba kuinuka kwenye cherehani alikuwa akishika meza. Mbele zaidi hukaa sukari, presha, mtoto wa jicho, mifupa kudhoofika.

Kila mpambe aliingia kwa siku yake, kwa cheti chake, mara nyingi kwa mkono wa daktari tofauti. Hakuna kikao kilichoitishwa kujadili metformini. Amlodipini haikupingwa kwa methali. Na yale majani ya mpapai yaliyoletwa na mpinzani mkuu wa kuchanganya dawa yalipita bila hata kuulizwa. Huo ulikuwa mseto, tena mkubwa kuliko ule aliopendekeza daktari. Tofauti ni kwamba haukupangwa na mtu yeyote.

Kuhusu kugongana, nakubali, dawa hugongana. Eltrombopagi ni mfano mzuri: ikikutana tumboni na kalsiamu inashikwa na haiingii mwilini inavyotakiwa, ndiyo maana humezwa angalau saa mbili kabla au saa nne baada ya maziwa na vidonge vya kalsiamu. Mtu wa chai ya maziwa asubuhi na jioni inabidi apange siku yake upya. Lakini tazama aliyegongana naye ni nani. Ni mpambe, yule kalsiamu aliyeitwa kuja kurekebisha mifupa inayoharibiwa na prednisoloni. Kadiri prednisoloni inavyokaa, ndivyo wagonganaji wanavyoongezeka.

Ngazi nayo ina gharama isiyoandikwa. Kwenye karatasi, "ikishindwa tuongeze" ni busara. Katika maisha, kushindwa kwenyewe hakuji na tarehe. Watu wazima wengi huitikia steroidi mwanzoni. Chini ya nusu hubaki salama baada ya dozi kuondolewa. Kwa hiyo hutokea hivi: dozi inapunguzwa hadi vidonge 4, chembe zinaporomoka, inarudishwa 12, miadi inasogezwa mbele wiki tatu kwa sababu daktari wa damu yuko safarini, na kliniki haitoi maelekezo mengine zaidi ya "endelea na hiyohiyo", inapunguzwa tena, zinaporomoka tena. Mdogo wangu alirudi kwenye 12 mara tatu. Kila mara tulisema dawa bado haijashindwa, kwa sababu ikipandishwa inafanya kazi. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa damu wa Marekani wa 2019 unataka steroidi kwa mtu mzima anayeanza tiba zisizidi wiki sita, pamoja na muda wa kupunguza dozi. Sisi tulikuwa wiki ya ishirini na mbili tukijisifu kwa uangalifu.

Nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza, maana mwongozo huohuo unasema jambo ambalo shangazi angelipenda. Unapendekeza mgonjwa aanze na steroidi peke yake badala ya steroidi pamoja na rituksimabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Pendekezo hilo limetolewa kwa sauti ya chini, na limeambatanishwa na maelezo: mgonjwa anayethamini zaidi uwezekano wa kukaa muda mrefu bila ugonjwa kuliko anavyoogopa madhara ya rituksimabu, anaweza kuchagua mseto. Kwa maneno mengine wataalamu wale hawakukataza. Walimrudishia mgonjwa uamuzi, jambo ambalo katika vikao vyetu vya ukoo ndilo adimu kuliko dawa.

Sasa ushahidi, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu hauendi upande mmoja. Mwaka 2010 Waitalia walilinganisha deksamethasoni, steroidi nyingine, peke yake, miligramu 40 kwa siku kwa siku nne, na deksamethasoni hiyohiyo pamoja na rituksimabu. (Miligramu 40, kwa vidonge vya nusu miligramu tunavyovijua madukani, ni vidonge 80 kwa siku, anayelalamikia wingi wa dawa na aanzie hapo.) Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na chembe za kutosha walikuwa asilimia 36 kwa dawa moja na asilimia 63 kwa mbili. Mwaka 2013 Wadenmaki walipata picha inayofanana, 37 dhidi ya 58. Takwimu nzuri. Lakini rituksimabu huchakaa: kati ya watu wazima walioitikia na wasioitikia kwa jumla, baada ya miaka mitano ni kama mmoja tu kwa watano aliyebaki amesimama kwa nguvu yake.

Jaribio ninalolirudia mara nyingi ni la Uingereza, lililochapishwa 2021 likiongozwa na Charlotte Bradbury wa Bristol. Wagonjwa 120 waliokuwa wanaanza tiba waligawanywa: nusu steroidi peke yake, nusu steroidi pamoja na mikofenoleti. Mikofenoleti si mgeni kwetu. Ni dawa inayotumiwa na waliopandikizwa figo, na tangu Muhimbili ianze upandikizaji huo mwaka 2017 wafamasia wengi wa Dar es Salaam wameizoea. Kwa steroidi peke yake, tiba ilishindwa kwa asilimia 44. Kwa mseto, asilimia 22. Nusu kamili. Maambukizi hayakuzidi upande wa mseto, na hilo peke yake linapunguza sana uzito wa hofu kwamba dawa ya pili ndiyo inayoua kinga.

Kisha watafiti wakafanya jambo la maana: wakawauliza wagonjwa wanajisikiaje. Wale wa mseto, wenye chembe nzuri zaidi, walijibu kwamba wamechoka zaidi na miili yao inafanya kazi vibaya zaidi kuliko wale wa dawa moja. Na kutoka damu hakukutofautiana kwa kiasi cha kusema.

Matokeo hayo yananifundisha kuliko asilimia zote. Anayetetea mseto kwa kuonyesha kipimo cha maabara tu, anatetea karatasi. Mimi natetea mseto kwa kazi moja: uiondoe prednisoloni mapema, wapambe wakose harusi ya kuhudhuria. Mseto unaoongeza dawa ya pili na kuiacha ya kwanza ikae palepale miezi sita, huo ni mzigo juu ya mzigo, na katika huo niko upande wa shangazi.

Kuna pia marafiki wa mseto ninaowaogopa. Watasema: mbona malaria tunatibu kwa dawa mseto? Tanzania iliamua mwaka 2006 kuiacha SP kama tiba ya kwanza na kuingia ALU, kila mtu anajua. Kifua kikuu kinaanza na dawa nne. ARV ni tatu ndani ya kidonge kimoja. Kwa nini hapa tusite? Hoja hii inavutia na haifai. Kule kuna mdudu, na mdudu hujifunza. Ukimpiga kwa fimbo moja atazaa watoto wanaoijua fimbo hiyo. Ndiyo sababu fimbo ni mbili au tatu kwa pamoja. Kwenye ugonjwa huu hakuna mdudu wa kujenga usugu. Anayeshambulia ni mwili wenyewe, na dawa nyingi za kumtuliza humtuliza pia anapomkabili mdudu halisi. Kwa hiyo mseto hapa lazima ujieleze kivyake kila mara: dawa hii inashika kipande gani cha ugonjwa ambacho ile haikishiki, na itamwachia mgonjwa nini.

Na kwa ukanda wetu mseto una maswali ya kujibu kabla ya kidonge cha kwanza. Je, chembe zimeshuka kweli? Kuna damu ambayo ndani ya kichupa cha kipimo chembe zake hugandana mafungu, mashine ikayahesabu kama hayapo. Mtu wa maabara akipaka tone kwenye kioo na kuchungulia kwenye hadubini, uongo huo unafichuka kwa dakika chache. Malaria hushusha chembe. Dengi hushusha chembe, na Dar es Salaam iliiona kwa wingi 2014 na 2019. Virusi vya Ukimwi huleta ugonjwa huuhuu, na hapo ARV ni sehemu ya tiba, pengine iliyo kuu. Homa ya ini aina B iliyolala huamshwa na rituksimabu na inaweza kuua. Kifua kikuu kilichojificha huamshwa na steroidi. Minyoo ya strongiloidi, ambayo mtu wa pwani anaweza kuishi nayo miaka bila habari, husambaa mwili mzima kinga ikishushwa. Dapsoni ni ya bei nafuu na huwasaidia baadhi, lakini kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu katika nchi zenye historia ndefu ya malaria, huvunja chembe nyekundu. Vipimo hivi ndivyo ninavyotaka kikao cha familia kivigombanie. Ugomvi wa idadi ya dawa hauokoi mtu.

Wapo pia wasiohitaji dawa hata moja, na hapa wote wawili, wa dawa moja na wa mseto, hukosea pamoja. Watoto wengi hupona wenyewe ndani ya miezi michache. Kuwajaza steroidi ili namba ipande ni kuwatibu wazazi. Mtu mzima mwenye chembe 45 asiyetoka damu anaweza kuangaliwa tu, akakatazwa aspirini na diklofenaki na sindano za makalio, akaendelea na maisha. Hilo ni gumu kwetu kwa sababu tumeshikwa na namba. Simu zote zilizoingia nyumbani, kutoka Muheza, kutoka Muscat kwa binamu, zilianza na swali moja: "Pleteleti ngapi leo?" Hakuna aliyeuliza kama fizi zimetoka damu, kama hedhi imekuwa nzito, kama amelala. Namba ya 30 ikipanda 34 tulishangilia. Ikishuka 31 nyumba ilinuna. Tofauti hiyo hata mashine yenyewe haiwezi kuisimamia.

Baada ya Idi ile nilirudi naye kliniki. Nilibeba kimkoba, nikamwaga vitu vyote juu ya meza ya daktari, pamoja na chupa ya majani. Alivitazama kwa muda. Aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza mdogo wangu mbele yangu: unataka kuzaa tena? Akajibu ndiyo, hata sasa. Basi mikofenoleti ikatoka mezani, kwa kuwa huharibu mimba. Rituksimabu bima ilikuwa bado inaijadili. Walikubaliana azathioprini, dawa ya zamani, ya bei ya kawaida, inayokwenda polepole. Daktari alimwambia wazi asitarajie kitu kabla ya miezi miwili au mitatu, na kwamba ataitwa kupimwa chembe nyeupe na ini mara kwa mara. Prednisoloni ikaandikiwa ratiba ya kushuka, wiki kwa wiki, na tarehe ya mwisho ikazungushiwa duara. Majani ya mpapai daktari hakuyakataza. Alisema tu asizidishe.

Shangazi aliposikia ni dawa ya pili alisusa siku mbili.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mwezi uliopita, nilimkuta mdogo wangu kwenye ubao wa kukatia, kitambaa cha sare za shule kimekunjuliwa hadi sakafuni. Uso umerudi kuwa wake. Kando ya chaki na futi kulikuwa na kidonge kimoja cha prednisoloni, naye anakipasua kati kwa wembe wa kufumulia mshono, taratibu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama anavyofanya akitunga uzi sindanoni. Nusu ya leo, nusu ya kesho kutwa. Metformini alikuwa ameachishwa, amlodipini bado. Uchovu anao, hakuficha.

Shangazi alikuwa kitini anabangua korosho. "Muulize pleteleti ngapi," akaniambia.

"Arobaini na moja," mdogo wangu akajibu bila kuinua kichwa.

"Arobaini na moja tu? Dawa mbili zote hizo?"

Akakifagia kile kipande cha nusu kwa ncha ya wembe, akakitia kwenye kifuniko cha chupa, akavuta kitambaa kuelekea kwenye mkasi.